Tafakari ya Juma: Kupima Si Kukosa Imani



Waamini hutuuliza mara kwa mara: je, ni dhambi kumtilia shaka mtu anayedai kuona yaliyofichika? Swali hilo limetukumbusha James Randi, mwanamazingaombwe mzaliwa wa Toronto, aliyefariki mwaka 2020. Hakuwa mwamini, lakini tunayo ya kujifunza kwake.

Mwaka 1986, nchini Marekani, mhubiri Peter Popoff alikuwa akijaza kumbi. Alimwita mgeni kwa jina, akataja mtaa anakoishi na ugonjwa unaomsumbua, akisema amefunuliwa na Mungu. Wapo waliomwamini hata wakatupa dawa zao jukwaani. Randi na wenzake hawakubishana naye. Walitambua kwamba ana kifaa kidogo sikioni, wakaleta chombo cha kunasia mawimbi ya redio. Katika masafa ya megahezi 39.17 wakamsikia mkewe, akimsomea habari ambazo watu wenyewe walikuwa wamezitoa kabla ya ibada. Tena, mchunguzi mmoja mwanamume alijivika nguo za kike, akatangaziwa kuwa ameponywa saratani ya mfuko wa uzazi! Kanda ilichezwa mwaka huohuo katika kipindi cha televisheni cha Johnny Carson, na mwaka 1987 Popoff alitangaza kufilisika.

Je, uchunguzi wa namna hii ni adui wa imani? Hasha. Mtume Paulo aliwausia Wathesalonike wapime kila jambo na kulishika lililo jema. Kanisa nalo hupima. Huko Lourdes ipo ofisi ya madaktari tangu mwaka 1883. Kati ya maelfu ya taarifa za uponyaji, zilizotambuliwa kuwa miujiza ni sabini na kidogo tu. Karama ya kweli haiogopi maswali.

Majuzi alitujia mama mjane, akiwa ameshika ada ya shule ya mwanawe. Alitaka kuipeleka kwa mtabiri aliyemtajia jina la marehemu mumewe. Tulimwuliza: kabla ya kuingia kwake, ulizungumza na nani? Akanyamaza kitambo, kisha akakumbuka kwamba alikuwa amemsimulia yote msaidizi aliyempokea mlangoni. Ada ililipwa shuleni.

Lakini machozi ya mama yule hayakukauka siku ile. Popoff naye, baada ya miaka kadhaa, alirudi katika televisheni na kupata wafuasi wapya. Uongo ukishafichuliwa, mgonjwa angali mgonjwa na mpweke angali mpweke, naye atamfuata yeyote atakayemwita kwa jina lake.

Hivyo, wapendwa, pamoja na kuuliza maswali, hatuna budi kuwafahamu majirani zetu kwa majina na shida zao. Juma hili kila jumuiya ndogo ndogo imtembelee mgonjwa mmoja, kabla hajaenda kwa mtabiri.

Mwenyezi Mungu awabariki.