Siku Moja Isangi

Malafu yanayofika Kisangani yameshazeeka. Mgema huyateremsha mtini alfajiri yakiwa matamu kama maji ya muwa. Jua likipanda yanaanza kutoa povu, mchana yanauma ulimi, na kesho yake ni ya wazee waliozoea. Hakuna anayeyatia chachu; chachu imo hewani na kwenye kibuyu chenyewe. Kwa hiyo bidoni unalonunua sokoni kutoka chini ya mto limesafiri usiku kucha likichemka njiani, na utamu wake wa kwanza haujawahi kufika mjini. Anayeutaka lazima aufuate.

Mama mkwe wangu aliutaka. Wajukuu wanamwita Koko, nami nitamwita hivyo hapa. Koko ni Mlokele, amezaliwa kando ya mto, teritwari ya Isangi, karibu na pale Lomami inapoingia mto mkubwa. Mwaka 1964 Wasimba walipouchukua mji huu mwezi wa nane, yeye alikuwa msichana wa miaka 11. Vita vilipopungua akaletwa kwa shangazi yake Kisangani, akakua, akaolewa, akazaa. Mara ya mwisho kurudi kwao ilikuwa mazishi ya baba yake, kabla ya vita ya 1996. Kutoka hapa hadi Isangi ni kiasi cha kilomita 120 tu, lakini nyinyi mama mnajua jinsi miaka inavyokwenda: mwaka huu mtoto anaumwa, mwaka ule hakuna pesa, mwaka mwingine barabara ya maji si salama.

Zamu yangu ya likelemba iliangukia mwezi wa nane, watoto wakiwa likizo. Nikasema kikundini kwamba nitakodi mtumbwi wa mota kwa siku moja, wetu peke yetu, na anayetaka aje achangie esansi. Mama mmoja, ambaye namheshimu sana, aliniuliza mbele ya wote: "Pesa ya minervali unaitia mtoni?" Swali lilikuwa la haki. Mkubwa wangu yuko sekondari, na septemba haimsubiri mtu. Nilimjibu kwamba Koko naye hatusubiri. Kumi walijiandikisha. Yeye hakujiandikisha.

Nimesoma kwamba wageni huko Ulaya na Afrika Kusini hukodi gari na dereva wakazungushwa siku nzima kwenye mashamba ya mizabibu karibu na bahari, wakionja glasi hapa na pale, na katikati wakionyeshwa kanisa la kale au ngome. Hakuna anayewauliza habari za minervali. Sisi tuna mto badala ya bahari na michikichi badala ya mizabibu, na mambo ya kale yako pande zote mbili za maji. Tunachokosa ni mazoea ya kuyatazama. Tunapita na magunia, usiku, tukilala juu ya mizigo.

Kuhusu kulala juu ya mizigo: ndiyo maana nilikodi. Zile mashua za mbao tunazoziita balenieri hujazwa kupita kiasi na husafiri gizani, na hatupitishi mwaka bila kulia watu. Nilimwambia mwenye mtumbwi masharti matatu: kila mtu na jile lake, watoto pia; tunaondoka saa kumi na moja alfajiri; na kabla ya giza tuwe tumerudi. Jile zilimletea taabu kidogo, akatafuta, akazipata. Tulikuwa mama 12 pamoja na Koko, na watoto watatu, akiwemo mwanangu wa miaka 10.

Ukishuka mto, wa kwanza kuonekana ni Yakusu, upande wa kulia, bado asubuhi ni ya baridi. Wabatisti wa Uingereza walijenga misheni hapo mwishoni mwa karne ya 19, na miaka ya 1920 daktari wao, Clement Chesterman, alijenga hospitali na kuongoza vita dhidi ya malale katika vijiji vya eneo hili. Koko anasema bibi yake aliwahi kuchomwa sindano za Yakusu, na kwamba watu walizikimbia kuliko ugonjwa. Hapo pia alifika mwaka 1938 Mwingereza mwingine, John Carrington, aliyejifunza Kilokele na ngoma yake, akaandika kitabu mwaka 1949. Nitarudi kwenye ngoma.

Yangambi hatukushuka. Tungeshuka, giza lingetukuta mtoni, na sharti ni sharti. Lakini nilimwomba nahodha apunguze mwendo, kwa sababu kila mama anayepika na mawese ana deni hapo. Wabelgiji walianzisha kituo cha utafiti cha INEAC mwaka 1933. Leo ni INERA. Mnajua ngazi za zamani, zenye kokwa nene na nyama kidogo, unatwanga hadi mikono inawaka na mafuta hayajai chupa? Na kuna michikichi ambayo kokwa yake karibu haina gamba, ila mara nyingi haizai vizuri. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wa Yangambi, walionyesha kwamba ukizalisha aina hizo mbili pamoja unapata mti wenye gamba jembamba na nyama nyingi. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yanatumia siri hiyo hadi leo. Ilitoka hapa kwetu, na bado sisi tunanunua mafuta kutoka nje sokoni Kisangani. Mama waliokuwa mtumbwini walikasirika kidogo, na mimi pia.

Kati ya Yangambi na Isangi niliwasimulia watoto habari nyingine, ambayo si ya kufurahisha. Kiswahili ninachoandikia hapa kilifika sehemu hizi na misafara ya Waarabu na Wangwana, wakitafuta pembe za tembo na watu. Stanley alipopita mwaka 1883 alikuta vijiji vya sehemu hizi vimechomwa, na kambi ya mateka zaidi ya elfu mbili, wengi wao wanawake na watoto. Miaka minne baadaye, mwaka 1887, Tippu Tip mwenyewe alifanywa gavana wa Stanley Falls, yaani mji wetu, kwa niaba ya mfalme Leopold. Mimi ni wa Kindu. Upande wa baba yangu ni Wangwana, na hatuoni haya kusema hivyo nyumbani. Koko alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi: "Kumbe watu wako ndio waliochoma kwetu." Mama wote walinyamaza. Akanipiga paja na kucheka. "Na sasa wewe unanipikia."

Miaka 16 nimekuwa mkwe wake, na hilo hatukuwa tumewahi kulisema.

Isangi tulifika saa tatu na nusu. Kwa Lomami upana wa maji unafunguka hadi unashindwa kusema upi ni mto upi, na mitumbwi ya wavuvi inaonekana kama majani yaliyodondoka. Mpwa wa Koko alikuwa ametumiwa habari, akatungojea na mgema. Bwana huyo alikuwa amebakiza vibuyu viwili visivyoguswa tangu alfajiri. Alituonyesha mti wenyewe: hupanda kwa kamba ya kiunoni, hukata shina la ua changa, hufunga kibuyu, na kurudi asubuhi na jioni. Wengine, alisema, huangusha mchikichi wote na kukinga maji yake wiki chache. Wanapata mengi kwa mkupuo, kisha mti umekufa, na ngazi za mama zimekufa nao. Yeye hakati. Mke wake, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, aliongeza bila kuinua kichwa kwamba hakati kwa sababu yeye amemkataza.

Koko alikunywa nusu kikombe. Hakusema ni matamu. Alisema, "Ni haya," akarudisha kikombe, na hakuomba tena. Sisi wengine tuliomba tena.

Hapo hapo gatini kuna mama wanaopika lotoko ya mahindi na mihogo. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba watoto wake wanne wamesoma kwa moto ule. Siwezi kumhukumu, na nyinyi pia msimhukumu. Wengi wetu tunajua vizuri ile bei ya madaftari. Nilimwuliza tu kama anamwaga ile ya kwanza inayodondoka kwenye bomba, maana humo huweza kuwemo sumu inayopofusha watu. Alisema anamwaga, ila anawajua wanaoiuza. Jikoni kwake mtoto mdogo alikuwa akicheza hatua mbili kutoka kwenye pipa linalochemka. Tulisaidiana kumwekea uzio wa magogo kabla ya kuondoka.

Sasa ngoma. Si ya ngozi. Ni gogo lililochimbwa ndani kupitia ufa mrefu juu, lenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mmoja wa sauti ya chini. Kilokele ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti, na ngoma inafuata huko kupanda na kushuka. Lakini maneno mengi yana mwendo mmoja. Mwezi na kuku, kwa mfano, kwenye ngoma ni sawasawa. Kwa hiyo mpigaji hasemi mwezi. Husema mwezi unaotazama nchi kutoka juu. Na kuku ni yule mdogo anayesema kiokio. Kwa Kilokele kuku ni koko. Koko wetu ametuvumilia miaka yote hii tukimwita kuku, na ni siku hiyo tu alipoona vema kutuambia. Wajukuu walikaribia kuanguka majini kwa kucheka.

Mtu pia ana jina lake la ngoma, sentensi nzima, na jina kamili lina vipande vitatu: lake mwenyewe, la baba yake, na kijiji cha mama yake. Rudieni kusoma hapo. Miji yetu na karatasi zetu huandika baba, labda babu. Ngoma ya Walokele haikumwita mtu bila kusema mama yake ametoka wapi.

Koko alitaka kusikia jina la baba yake. Kijijini kwao lilibaki gogo moja, la kuitia watu kanisani, na mzee mmoja, katekista, anayeweza kulisemesha zaidi ya hapo. Vijana wana simu. Mzee hakulijua jina lile, waliolijua wamekufa. Basi Koko akasimama, ameshika fimbo, akalitamka kwa mdomo kwa ile sauti ya kupanda na kushuka, kama anavyofanya mtu anayeimba bila wimbo. Mzee akalipiga. Koko akatikisa kichwa, akatamka tena kipande cha katikati. Akalipiga tena. Mara ya tatu Koko hakusema kitu, na tukajua kwamba ni lenyewe. Maneno yake ni ya ukoo, siyaandiki.

Halafu mzee akamtazama mwanangu. Akauliza jina la baba yake, mume wangu. Koko akampa, maana marehemu babu yao, ingawa aliishi mjini, alikuwa Mlokele na aliwapa watoto wake majina hayo. La mtoto mwenyewe halikuwepo. Koko na mzee walishauriana kwa Kilokele muda mrefu, wakikataa hili na lile, hadi wakakubaliana. Kisha mzee akageuka kwangu. "Na mama? Kijiji gani?"

Nilisema Kindu. Nilisema polepole, kwa sababu ya yale ya mtumbwini.

"Kindu iko wapi?"

Koko ndiye aliyejibu, kabla yangu. "Ni mto huuhuu," alisema. "Juu zaidi."

Mzee akafikiri, akajaribu mdomo mmoja wa gogo, kisha mwingine, akatafuta namna ya kusema mahali ambapo ngoma yake haikuwahi kupataja. Alipopata, alipiga jina zima toka mwanzo, mtoto, baba, Kindu, mara mbili, kuelekea majini. Wavuvi wawili waligeuza vichwa. Mwanangu aliuliza kama wamejua ni yeye.

Tuliondoka saa sita na nusu, maana kupanda mto ni kazi nyingine, na tulifika bandarini jua likizama. Koko alilala njia nzima begani kwangu. Malafu tuliyobeba yalifungua kizibo chenyewe karibu na Yakusu na kulowesha kwanga yote.

Mwanangu anapiga jina lake kwenye meza, kwenye sufuria, kwenye mlango wa choo. Kipande cha katikati anakikosea, na Koko anamrekebisha kutoka chumbani kwake. Yule mama aliyeniuliza habari za minervali amekuja nyumbani jumapili; mama yake ni wa Basoko, mbele zaidi ya Isangi, na huko ni lazima kulala. Tumeanza kuhesabu esansi. Minervali ya mkubwa nimelipa nusu, nusu nyingine nimeahidi kabla ya Noeli. Wanaotaka kuja Basoko waandike majina kwa mweka hazina, na kila mmoja atafute jile lake kabla ya kuandika.