Kalipa Nyekundu, Breki Hamna: Yaliyomkuta Mchizi na Subaru Yake Kitonga

Sinza nzima walikuwa wanaijua ile ndinga. Subaru Forester ya mwaka 2004, turbo, gia za mkono, rangi ya bluu. Unaisikia ikiwa bado iko Afrikasana, unakuja kuiona baadaye. Mwenyewe ni DJ wa harusi na klabu, na watu walishazoea kwamba akishuka kwenye gari tu, sherehe imeanza.

Hela yote ya sho ilikuwa inaishia humo. Alianza na egzosi. Halafu akampata jamaa wa kompyuta, akaisetia injini ikaongezeka nguvu. Mwisho akafunga rimu nyeusi za inchi 17, na nyuma ya rimu zikawa zinachungulia kalipa nyekundu zenye maandishi meupe ya kampuni maarufu ya breki ya Italia. Akipost picha, komenti ni moto tupu. "Mnyama ana breki za kibabe!"

Sasa siri yenyewe hii hapa: zile hazikuwa kalipa. Yalikuwa makava ya plastiki, yanabandikwa juu ya kalipa za kawaida. Ndani kulikuwa na pedi za bei chee, na mafuta ya breki ambayo hakuna aliyekumbuka yaliwekwa lini.

Usimcheke sana. Injini ukiiongezea nguvu, mtaa mzima unasikia. Breki nzuri haina sauti. Ukiisikia inapiga kelele, ujue imekwisha.

Siku ya siku, binamu yake akaoa Iringa. Jamaa akambeba bi mkubwa, akakaa mbele, na mdogo wake wa kike wa kidato cha pili nyuma. Kwenda ilikuwa poa, Kitonga waliupanda kama mchezo. Kurudi Jumapili wakasimama Ilula, mama akanunua nyanya, safari ikaendelea.

Kitonga kushuka ni habari nyingine. Mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, malori yamepangana yanashuka polepole kwa gia ndogo. Mchizi yeye alishuka na gia ya nne. Akimpita lori, anakanyaga breki kwenye kona, anaachia, anakanyaga tena. Harufu ya kitu kinachoungua ikaanza kuingia ndani.

"Baba, nini kinaungua?" mama akauliza.

"Malori hayo, mama."

Hayakuwa malori. Yalikuwa yale makava, yameanza kuyeyuka. Kona iliyofuata akakanyaga pedeli, ikazama mpaka chini kama hakuna kitu.

Akapampu mara tatu, mara nne, ikarudi kidogo. Akalazimisha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikalia kama inataka kuruka nje. Akavuta hendibreki taratibu, akalisogeza gari upande wa mwamba, tairi zikasugua ukingo wa mtaro. Likasimama. Mbele yao, kama hatua kumi na tano hivi, kulikuwa na mkia wa lori.

Mama hakupiga kelele. Alishuka, akakaa juu ya jiwe, mfuko wa nyanya mapajani. Nyanya zilikuwa zimepondeka. Baada ya saa nzima breki zikapoa na pedeli ikarudi. Wakateremka kwa gia ya kwanza mpaka Ruaha Mbuyuni. Pale mama akamshika binti yake mkono, akasema, "Wewe tangulia na gari lako, baba. Sisi tunapanda basi."

Fundi wa pale Mbuyuni alimwekea mafuta mapya, akatoa upepo kwenye breki, na jamaa akaendesha peke yake mpaka Dar, taratibu, hata muziki hakuwasha.

Jumanne yake alikuwa Gerezani kwa fundi mmoja mzee. "Shikamoo, mzee." Mzee akaitikia, akafungua tairi, akabandua plastiki iliyoyeyuka, akaicheki, akamrudishia mkononi.

"Hii ndiyo ilikuwa inakusimamisha, kijana wangu?"

Halafu akamfundisha. Gari la spidi 120 lina nguvu mara nne ya lile la spidi 60, siyo mara mbili. Ukikanyaga breki, nguvu yote hiyo inageuka joto kwenye diski na pedi. Mafuta ya breki nayo yananyonya unyevu wa hewani. DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ila ikishakunywa maji ya kutosha inaweza kuchemkia kama 155. Yakichemka yanatoa mvuke. Mvuke unabonyea, ndiyo maana pedeli inazama. Ndiyo maana wenye akili wanayabadilisha kila miaka miwili.

Jamaa alikuwa amekuja na hela ya kununua breki kubwa kuliko zote. Mzee akamtuliza. Kwanza DOT 4 mpya. Pili pedi za maana, zinazovumilia joto lakini zinashika hata asubuhi zikiwa za baridi, maana nyingine za mashindano zikiwa baridi hazishiki vizuri. Tatu diski: akapima unene, zilikuwa zimeliwa kupita kiwango. Nne mipira ya breki, ilishaanza kupasuka. Tano tairi. "Breki inazuia gurudumu," mzee akasema, "gari linasimamishwa na tairi." Zake zilikuwa kipara.

Kalipa zikaja mwisho kabisa. Zilikuwa used za Japani, za pistoni nne, zilizotoka kwenye Impreza WRX. Zinakaa kwenye Forester bila kuchonga kitu, na hazikatai rimu ya 17. Zile za STI ni kubwa zaidi, zinataka na diski zake kubwa, na mzee akaona kwa gari la barabarani hakuna haja. Usiku jamaa akazizoesha pedi kwenye barabara tupu: anatoka 60 mpaka 10 bila kusimama kabisa, mara kumi, halafu anaendesha taratibu zipoe.

Jumla ilikula hela ya sho tatu. Kalipa zenyewe ni za kijivu, zimechubuka. Alipopost picha, watu wakauliza zile nyekundu ziko wapi.

Wiki tatu baadaye kukatokea msiba Kibaha. Mama alikuwa tayari amefunga kanga kwenda stendi. Jamaa akamwambia, "Mama, nimetengeneza. Twende, nitaendesha polepole." Bi mkubwa akaliangalia gari muda mrefu, akapanda.

Kutoka Ubungo mpaka Kimara alikuwa ameshikilia mkono wa mlango. Bodaboda mmoja akachomoka ghafla mbele yao, mchizi akakanyaga, gari likatulia palepale, limenyooka. Mama hakusema kitu.

Walipofika Mbezi, akauachia mkono wa mlango.

Na wewe mwenye ndinga yako, mafuta ya breki uliyabadilisha lini?