Nani Atalala Mlangoni?

Mjomba wangu alipougua akili, pale Kilwa Kivinje, wazee walikata shauri apelekwe Dar es Salaam kwa jahazi, kwani ilikuwa masika na barabara imekatika. Mama hakupinga. Aliuliza tu: huko ni nani atakayelala mlangoni pake usiku? Mjomba alikwisha kujaribu kuitoa roho yake mara mbili, na mara zote aliyemwahi ni mtu aliyezijua pumzi zake. Wazee hawakuwa na jibu. Safari ikaahirishwa hadi alipopatikana binamu wa kufuatana naye.

Swali hilo lilinirudia niliposoma hukumu mbili za Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg. Katika ile ya Aprili 2012, miongoni mwa walalamikaji alikuwamo Adel Abdel Bari, Mmisri aliyeshitakiwa kwa njama ya mabomu ya Agosti 7, 1998, ya Nairobi na Dar es Salaam. Alikuwa na sonona. Majaji waliona kwamba magereza ya Marekani yana matabibu wa kumtosha, na Oktoba Uingereza ikamkabidhi. Aprili 2013 mahakama ile ile ilisema kumkabidhi Haroon Aswat, mgonjwa wa skizofrenia aliyetuhumiwa kwa jambo jingine, kungekuwa ni kumtesa: haikujulikana angewekwa gereza gani, wala angetunzwaje. Nilishtuka. Lilikuwa swali la mama, ila limevaa joho.

Sisemi watuhumiwa waachwe. Dar es Salaam peke yake walikufa watu 11, na jamaa zao wana haki ya kumwona mshitakiwa kizimbani. Lakini aliyejiua korokoroni hajibu shitaka, wala jamaa hao hawapati neno lolote kutoka kwake. Nasi watu wa Kivinje, ambao mwaka 1895 Wajerumani walitunyongea Hassan bin Omari Makunganya pale Mwembe Kinyonga, tungekuwa wa kwanza kuuliza mtu anakopelekwa.

Oktoba 2014 Aswat naye alipelekwa, baada ya Marekani kuahidi matibabu. Ahadi ya dola kwa dola si haba. Mimi, hata hivyo, ningeuliza jina la huyo mlala mlangoni.

Mjomba alirudi baada ya miezi saba, amenenepa. Binamu ndiye aliyekonda.