Simu Iliyomkana Shangazi

Wahenga walilonga kuwa macho hayana pazia. Nawaomba radhi wahenga wetu, kwa maana jicho la kushoto la shangazi yangu lilikuwa nalo, na pazia lenyewe lilishuka kila jioni bila kuulizwa.

Shangazi huyu ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Ni fundi wa cherehani mjini Nakuru. Asubuhi ukimkuta kibandani, macho yake ni maangavu, anakukadiria kiuno bila hata tepu. Lakini jua likianza kwenda chini, ukope wa kushoto huteremka ukafunika nusu ya mboni, naye huinua kidevu ili aone mbele. Mtaani walikuwa na jawabu lao: "Mama huyu anapiga mtindi." Mtu ambaye hata soda huimaliza kwa taabu!

Siku ya wazazi alikuja hapa shuleni. Ilipofika saa kumi alasiri, mwenzangu mmoja alinikonyeza akaniuliza, "Huyu wako leo amezidisha?" Nami, mpenzi msomaji, nikacheka.

Likizo ya Agosti iliyofuata, binamu yangu alimnunulia shangazi simu ya kisasa, zile zinazofunguka zikiuona uso wa mwenyewe. (Shuleni simu ni marufuku, haya ni mambo ya nyumbani, msinisingizie.) Asubuhi ilimfungukia vizuri kabisa. Jioni ikawa inamwandikia: fungua macho. Shangazi akahamaki. "Si nimeyafungua! Asubuhi yanijua, jioni yanikana kama Petro kabla ya jogoo kuwika!" Tukampelekea fundi wa simu, akaipangusa kamera kwa kitambaa, akatoza shilingi mia mbili. Jioni ile ile ikamkana tena. Shangazi akaanza kunong'ona habari za kurogwa.

Singesema mimi ndiye niliyegundua. Ni yeye mwenyewe aliyetamka, huku akitunga uzi, kwamba jioni huona sindano mbili. Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Kumbe kilichobadilika kutoka asubuhi hadi jioni si simu, ni shangazi.

Tulifika hospitalini saa mbili asubuhi, na foleni ilikuwa ya kutoka hapa hadi kule. Tulimwona daktari saa tisa unusu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliishukuru foleni, kwa sababu laiti tungeingia asubuhi daktari asingeona kitu. Alimwambia shangazi atazame dari bila kushusha macho. Baada ya muda si mrefu ukope ukaanza kushuka, polepole, kama bendera isiyo na upepo. Ndipo daktari akatia barafu ndani ya glavu, akaiweka juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika mbili. Alipoiondoa, lo! Jicho lilikuwa wazi. Niliona kwa macho yangu.

Maradhi hayo huitwa mayasthenia gravisi. Neva huiamrisha misuli kwa kemikali, lakini kinga ya mwili hugeuka ikashambulia mahali misuli inapoipokea kemikali hiyo. Kadiri misuli inavyotumika ndivyo inavyochoka. Kwa wengi huanzia machoni: ukope hulegea, na kitu kimoja kikaonekana viwili. Baridi huipunguzia kasi kimeng'enya kinachoivunja kemikali ile, basi inadumu kidogo zaidi na ukope unapata nguvu.

Mwaka 1934, katika hospitali ya St Alfege's huko Greenwich, London, daktari Mary Walker alimdunga mgonjwa wa namna hii dawa ya fizostigmini, na ukope ukainuka kwa muda. Dawa hiyo asili yake ni mbegu ya Calabar, Nigeria, ambako zamani mshukiwa wa uchawi alilishwa mbegu zizo hizo ili ijulikane kama ana hatia. Nilipomsimulia shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema hatanong'ona tena habari za kurogwa.

Yale ya simu hayakunitoka akilini, nikaenda kusoma. Profesa John Daugman wa Chuo Kikuu cha Cambridge alibuni hesabu za kumtambua mtu kwa airisi, lile duara lenye rangi linaloizunguka mboni, na mwaka 1994 akapewa hataza yake Marekani. Katika hesabu zile ukope na nywele zake ni usumbufu mtupu. Kompyuta huzitafuta ili izitupe kando. Kisha mwaka 2009, Unsang Park, Arun Ross na Anil Jain wakachapisha utafiti kuhusu hayo makombo: kope, nyusi na ngozi ya kuzunguka jicho. Wakaona kwamba nayo yanaweza kumtambulisha mtu, na hayahitaji picha ya karibu sana kama airisi. Korona ilipotuvisha sote barakoa mwaka 2020, sehemu hiyo ndiyo iliyobaki wazi usoni.

Ni werevu mkubwa, sikatai. Lakini mimi nina swali. Ikiwa mlango utamjua mtu kwa ukope, na maradhi yakaushusha ukope huo, mgonjwa atalala nje? Simu ya shangazi haikujua ugonjwa wowote. Ilichojua ni kumfungia. Daktari aliutazama ukope ule ule akauliza, "Huanza saa ngapi?" Wanaotengeneza mashine hizi wangekaa siku moja katika foleni yetu ile.

Sasa shangazi humeza tembe za piridostigmini mara kadhaa kwa siku, naye hushona hadi usiku. Likizo ya Desemba, jioni moja, nilipiga moyo konde nikamweleza kuhusu kile kicheko changu cha siku ya wazazi. Hakunijibu upesi. Aliinua simu usawa wa uso wake, ikafunguka, akatazama saa.

"Nilikusikia," akasema. "Masikio yangu hayakuwa na ugonjwa."