Ile ko-ko-ko chini ya gari yetu

Wengi wenu mmekwisha kupanda ile Land Cruiser ya kikundi, na ambao hamjaipanda, magunia yenu yameipanda. Ndiyo inayoleta unga wa muhogo na maharagi toka soko la Mugogo mpaka Bukavu, na ndiyo inayoitwa usiku mama mwenye mimba akishindwa kuzalia kwenye kituo cha afya. Basi ilipoanza kugonga upande wa mbele, ko-ko-ko kila ikiingia katika shimo, haikuwa tena habari ya shofere peke yake.

Mimi ndimi niliyetumwa garaje siku mbili kusimamia franga ya AVEC yetu. Ni mwalimu wa shule, kazi ya chuma sikuisomea. Lakini mwalimu anajua kuuliza maulizo, na bahati nzuri fundi alikuwa mzee asiyechoka kujibu. Kijana wake alinena mara moja kwamba chini ya gari si mahali pa wamama. Mzee akamwambia anyamaze, alete kriki.

Gari hiyo tuliinunua ikiwa imetumika, na wa mbele yetu alikuwa ameiinua. Ni ya aina ya 70, zile za mbele ya mwaka 1999, ambazo magurudumu yote manne yanabebwa na resori za lame: vyuma virefu vilivyopindwa, vikapangwa kimoja juu ya kingine. Mwenye kutaka gari irefuke anaweka lame zilizopindwa zaidi, ama anabadilisha jimeli, ndivyo vyuma viwili vidogo vinavyoshika ncha ya resori, anaweka ndefu. Yetu ilifanyiwa yote mawili. Kwa njia ya Kamituga wakati wa mvua, tumbo la gari halikwami upesi katika matope, na hiyo ni faida ambayo hakuna anayeikana.

Tena watu wanaona gari ndefu wanafikiri ina nguvu. Urefu hauongezi nguvu hata kidogo. Uzito unapanda juu pamoja na gari, na sisi tunaongeza magunia, na juu ya magunia tunaongeza watu. Katika kona gari inalala kuliko ilivyotengenezwa kulala, na vyuma vya usukani navyo vinafanya kazi kwa pembe isiyo yao.

Sasa ile sauti. Fundi aliinua gari, akaweka magogo ya mti chini ya chasi, kwani kriki peke yake haiaminiwi na mtu anayependa kurudi nyumbani. Kisha akaniita nitazame. Kila resori inafungwa kwenye ekseli na vyuma viwili vyenye umbo la U, na kila U ina ekru mbili. Kwa gari nzima ni U 8, ekru 16. Upande wa mbele wa kushoto, ekru mbili zilizunguka karibu kwa vidole. Pembeni yake kulikuwa na vumbi jekundu la kutu, kama pilipili iliyosagwa. Fundi alisema ile rangi ni ya kutafuta kila mara: vyuma viwili vilivyokazwa vizuri havisagani, na vikisagana vinatoa unga huo.

Nikauliza kama ni sauti tu. Akanionyesha pini moja ndogo iliyopita katikati ya lame zote. Kazi ya pini hiyo ni kuzishika lame pamoja na kuweka ekseli mahali pake. Kuzuia gari yote si kazi yake. Vyuma vya U vikilegea, pini inabaki kushindana peke yake na ekseli kila shofere anapokanyaga breki. Siku inapokatika, ekseli inatembea upande mmoja, na gari inaenda mahali ambapo usukani haukuelekea. Pini yetu ilikuwa bado nzima. Nilikumbuka nani na nani walikuwa juu ya magunia juma lililopita, nikakaa kidogo kwenye pineu ya zamani iliyokuwa pale.

Sababu ya kulegea ni ndogo mno. Lame mpya zinapofungwa, kati yake kuna rangi, na mipira yake haijakaa vema. Safari ya kwanza yenye mzigo inavibana vyote, nafasi ndogo inabaki, na ekru iliyokuwa imekazwa haikazi tena. Kwa hiyo kazi ya kuinua gari haiishi garaje: inapaswa kukaza tena kisha safari ya kwanza au ya pili, halafu karibu na kilometa 500, na kuendelea kutazama. Yule aliyefunga hizi inaonekana alikaza siku moja tu.

Jambo la pili lilikuwa mipira ya ncha za resori, ile wanayoita silambloki. Miwili ilikuwa imepasuka. Hapo tukabishana kidogo. Mama mwenye kutunza sanduku alikuwa amepiga simu kusema wakate kauchu ya pineu ya kale, kwa sababu bei. Namwelewa, franga ile ni jasho letu, na njia hiyo inafanywa kila siku hapa kwetu. Inaweza kufikisha gari nyumbani. Lakini kauchu ya pineu haina kipimo cha tundu lile, inaliwa upesi, na sauti inarudi. Tulinunua mipya. Mwingine alishauri tuunguze vyuma kwa posta viwe kimoja. Fundi alikataa kabisa, maana chuma cha resori kikiunguzwa kinapoteza ugumu wake, kinavunjika pale pale pembeni ya kovu.

Mipira hiyo ina siri yake. Usikubali bulone zake zikazwe mwisho gari ikiwa juu. Resori inaning'inia, mpira unashikwa ukiwa katika hali hiyo, na gari ikishuka mpira unabaki umesokotwa siku zote mpaka upasuke. Fundi aliziweka kwa mkono, akashusha gari chini, akaiyumbisha ikae, ndipo akakaza. Za U alikaza kwa msalaba, kidogo kidogo, kona hii halafu ile iliyo mbali nayo, na alitumia kle yenye kupima nguvu. Vyuma vya U vyenyewe alivibadilisha upande uliolegea, kwani vya zamani vilikwisha kuvutika. Mpira wa breki wa nyuma ulikuwa unakazana gurudumu likining'inia. Huo pia tuliweka mrefu zaidi.

Kisha kitu ambacho kilinipendeza kuliko vyote. Nilitaka kutia alama ya chaki kwenye ekru, fundi akasema mvua moja tu na chaki imekwenda. Nilikuwa na verni ya kucha katika mkoba, nyekundu. Tumechora mstari mmoja unaotoka kwenye ekru mpaka kwenye chuma, zote 16. Mstari ukikatika, ekru imetembea. Mama yeyote anaweza kuinama na kutazama kabla ya kupanda, bila kle, bila kumwomba mtu ruhusa. Kaye ya kilometa iko chini ya kiti cha shofere.

Limebaki neno moja, nalo ni lenu. Fundi anasema tunaweza kurudisha jimeli fupi za kwanza, gari ishuke kidogo. Kazi ya siku moja. Shofere hataki, anaogopa matope ya Kamituga. Mimi naona tunakwenda Kamituga mara chache, na Mugogo kila juma. Tena nimeandika kwenye kaye kwamba mpaka tuamue, hakuna mtu juu ya magunia. Najua neno hilo linawaumiza wale wasio na franga ya kiti, na wawili wamekwisha kunifuata shuleni kulalamika. Mkutano ni siku ya posho, saa nane, uwanjani pa shule. Gari itakuwa pale, ikiwa na kilometa zake 500, na tutaitazama pamoja kabla ya kupiga kura.