Kutoka Golbanti Hadi Uzamili wa Kifaransa: Ushuhuda Wangu

Naandika haya kwa ajili ya kijana wa Tana Delta aliyeambiwa kwamba somo analolipenda si la watu wa kwao. Mimi niliambiwa hivyo tangu kidato cha kwanza mpaka siku niliyosimama mbele ya jopo kutetea tasnifu yangu ya uzamili katika lugha na fasihi ya Kifaransa. Namshukuru Mungu, nilifika. Lakini anayeona cheti pekee hajui kimepita katika maji gani.

Nimezaliwa Golbanti, kando ya mto Tana nchini Kenya, kwa wazazi Wapokomo wanaolima mpunga na kuvuna maembe. Kijiji chetu kimezoea lugha za wageni. Wamishonari wa Kimethodisti kutoka Uingereza walifungua kituo hapa katika miaka ya 1880, na mwaka 1886 Mchungaji John Houghton na mkewe Annie waliuawa papa hapa. Jirani zetu wa Ngao walipokea Wajerumani, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, aliandika kamusi ya Kipokomo. Kifaransa hakikuwa na mwenyewe upande wetu. Niliporudi likizo na daftari langu la Kifaransa, mjomba aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiki utazungumza na nani huku?" Sikuwa na la kumjibu, na swali lake nilitembea nalo miaka mingi.

Kifaransa nilikikuta katika shule ya bweni nje ya kaunti yetu. Maktaba ya shule ilikuwa na nakala iliyochakaa ya Boi, riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kamerun, nikaisoma kwa Kiswahili nikidhani ndivyo ilivyoandikwa. Mwalimu akaniambia kuwa Oyono aliitunga kwa Kifaransa, na kwamba ilitoka mwaka 1956. Nilitaka kumsikia Toundi, yule kijana mtumishi wa Wazungu, akisema kwa lugha aliyopewa na mwandishi wake. Hamu hiyo ndiyo iliyonibakisha darasani wenzangu wengi walipohamia masomo mengine.

Agosti 2012 nilikuwa kidato cha nne. Mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yakalipuka kijijini Riketa, yakaenda Chamwanamuma na Kilelengwani, na Desemba yakafika Kipao. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika miezi ile. Ugomvi wa shamba na malisho, wa mkulima na mfugaji wanaoutegemea mto mmoja, ulikuwapo tangu zamani na wazee walikuwa na njia za kuutuliza. Safari hii haukutulizwa. Mama alikimbia na wadogo zangu kwa jamaa Malindi. Nilifanya mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari bila kujua kama nyumba yetu imesimama. Miongoni mwa waliokufa, waliotajwa redioni kwa idadi tu, nilijua kuna watu wa pande zote mbili niliosoma nao shule ya msingi. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo sikuweza kulizungumza jambo hili kwa Kipokomo wala kwa Kiswahili.

Chuo kikuu nilisomea ualimu wa Kifaransa na Kiswahili, kwa mkopo wa serikali wa HELB na michango ya kanisa. Huko niliona umbali niliokuwa nao. Wenzangu waliosoma shule kubwa za Nairobi walikuwa wamesoma katika kituo cha Alliance Française tangu utotoni, wamefanya mitihani ya Kifaransa ya DELF, wengine wamekwenda Ufaransa. Mimi sarufi niliijua vizuri, lakini mhadhiri akisoma imla, sikio langu lilichelewa. Nilisaidiwa na kina mama wa Kongo. Katika kanisa nililosali Nairobi walikuwapo wakimbizi kutoka Bukavu na Goma, washonaji wa nguo na wauza vitenge. Nilianza kukaa nao baada ya ibada. Wakichoka na Kiswahili chao cha Kivu, wanaingia Kifaransa, na mimi nimo. Hawakunisahihisha kwa dharau hata mara moja. Mmoja alikuwa akiniambia, "Sema tena, mama, polepole," mpaka neno likae. Wanawake waliopoteza kila kitu ndio walionipa sikio la Kifaransa, na deni lao sitalimaliza.

Nilihitimu shahada ya kwanza mwaka 2018, mwaka ule ule wa mafuriko. Mvua ya masika ilinyesha bara, mabwawa ya juu yakajaa, bwawa la Masinga likafurika, na sisi wa huku chini ndio tunaoyapokea maji hayo. Mpunga wote ulizama. Fedha ambazo mama alikuwa ameniwekea karo ya uzamili zililisha familia katika kambi tuliyohamia. Nikawa mwalimu wa BOM, yaani wa kuajiriwa na bodi ya shule, katika shule moja ya pwani, mshahara unaokuja unapokuja, na jioni nikafundisha Kifaransa vijana wanaotafuta kazi za hoteli. Hivyo ndivyo nilivyojiandikisha uzamili mwaka uliofuata: kwa karo ya vipande vipande. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona. Masomo yakahamia mtandaoni, nami nikarudi nyumbani, ambako kupata mtandao wa kutosha kusikiliza mhadhara mzima kulitaka kwenda mbali na nyumbani na kuomba watu umeme wa kuchajia simu.

Ni wakati huo nilipochagua mada ya tasnifu. Nilishauriwa niandike juu ya waandishi wakubwa wa Ufaransa, kwa kuwa vitabu vyao vinapatikana na uhakiki wao ni mwingi. Ushauri ulikuwa mzuri. Lakini nilikuwa nimeazimwa La République des imberbes ya Mohamed Toihiri, iliyotoka mwaka 1985, ambayo huhesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya Kikomoro kwa Kifaransa. Komoro ni jirani zetu. Watu wa Lamu wana ndugu katika kisiwa cha Ngazija, na Kikomoro na Kiswahili ni jamaa. Riwaya ile imejengwa juu ya utawala wa Ali Soilih, aliyeshika nchi baada ya mapinduzi ya 1975 mpaka alipopinduliwa na kuuawa mwaka 1978. Soilih aliwapa vijana wadogo madaraka na silaha, akapiga vita mila za wazee, na vijiji vikaanza kuwaogopa watoto wao wenyewe.

Niliposoma hayo nililia, kwa kuwa niliona kwetu. Niliona vijana wa 2012 waliokabidhiwa mapanga na watu wazima wasiojitokeza, na wazee ambao sauti yao ilikuwa haisikilizwi tena. Katika kuchambua kijiji cha Toihiri, nilipata maneno ya kijiji changu. Lugha ambayo haikuwa ya Mpokomo wala ya Muorma ilinipa mahali pa kusimama nikitazama pande zote mbili bila kuchagua. Hapo ndipo swali la mjomba lilipopata jibu: Kifaransa nimekitumia kuzungumza nasi wenyewe, juu ya jambo tulilolinyamazia.

Kuandika kulichukua muda mrefu kuliko nilivyopanga. Vitabu vya uhakiki vilikuwa Paris na bei yake ilizidi mshahara wangu, nikategemea kurasa zilizopigwa picha na wema wa wasomi niliowaandikia barua pepe. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaleta tena maji, barabara zikakatika, na familia ikahama mara nyingine. Nilimwambia mama kwamba nataka kuacha. Akanijibu, "Mpunga ukizama tunapanda tena. Wewe umezamisha nini?" Nilirudi kwenye sura ya nne siku iliyofuata.

Nilitetea tasnifu kwa Kifaransa, mama akiwa amekaa nyuma asielewe neno hata moja, na jopo likanipitisha baada ya masahihisho. Leo nafundisha, na kila likizo nakusanya wanafunzi wa Kipokomo, Kiorma na Kiwardei tunasoma pamoja hadithi za Afrika, za Kifaransa na za Kiswahili. Tunasoma Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ, kisha wanaotaka wanaifungua ile ya asili.

Mzazi wa Golbanti, wa Ngao, wa Garsen: mtoto wako akikuletea somo usilolijua, usimkataze kabla hujamuuliza limempa nini. Na wewe kijana, karo ikikwama, sema mapema, usijifiche mpaka ujumbe wa kufutwa chuoni ukufikie. Tafuta wanaoizungumza lugha yako mpya, hata kama ni wakimbizi walio nyuma ya kanisa, uwaheshimu kama walimu. Kisha chagua mada inayowagusa watu wako, hata ikiwa ngumu kupatiwa vitabu. Mateso yangu yalipungua uzito tangu siku nilipojua nasoma kwa ajili ya nani.