Kabla Hujamlipa Wakala

Göteborg, Novemba 2025

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na mama yako naye amenipigia kunihimiza nikujibu upesi. Unasema yupo wakala hapo Tanga anayetaka shilingi milioni nne akushughulikie kibali cha kazi Uswidi, na kwamba amekuapia wauguzi wanagombaniwa huku. Hilo la wauguzi kutafutwa ni kweli. Hiyo milioni nne ndiyo inayonitia shaka.

Kibali cha kazi cha Uswidi hakianzii kwa wakala, na hakianzii kwako. Kinaanzia kwa mwajiri. Yeye ndiye anayeingia kwenye mtandao wa Migrationsverket, idara ya uhamiaji ya hapa, na kujaza kazi ni ipi, mshahara kiasi gani na bima zipi. Kisha wewe unaletewa barua pepe ujaze upande wako, uweke pasipoti yako na mkataba uliokwisha kutiwa saini, halafu ulipe ada ya krona 2,200. Zibadilishe kwa bei ya leo uone kama zinakaribia hiyo milioni nne yake. Tena nafasi yenyewe, ikiwa ni mpya, lazima iwe imetangazwa angalau siku kumi ili watu wa Umoja wa Ulaya nao waione. Basi mwulize huyo bwana mambo mawili: tangazo la kazi liko wapi, na namba ya usajili ya mwajiri, yenye tarakimu kumi, ni ipi. Akianza kukupigia hadithi za koneksheni, mshukuru kwa chai na uondoke.

Sasa mshahara, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Hadi Oktoba 2023, mtu aliyeahidiwa krona 13,000 kwa mwezi aliweza kupata kibali. Tarehe 1 Novemba mwaka ule sheria ikageuka: mshahara usipungue asilimia 80 ya mshahara wa kati wa nchi nzima, yaani ule ambao nusu ya wafanyakazi wanapata zaidi yake na nusu wanapata pungufu. Siku ile ilikuwa krona 27,360. Juni 2025 ikafika 29,680, na serikali ikataka kupandisha tena. Najua umeshapiga hesabu ukaona ni zaidi ya milioni saba za kwetu. Tulia. Kodi ya serikali na kodi ya chumba vitakuonyesha kuwa milioni saba za huku hazina mbio za milioni saba za Tanga. Ninachotaka ukione ni kwamba ile njia ya kuja kuosha vyombo mgahawani huku ukijipanga polepole imezibwa. Anayekwambia bado iko wazi anakusimulia Uswidi ya zamani.

Utasema, mjomba, mimi nina stashahada ya uuguzi na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ni kweli, na ninakusifu. Lakini hapa huruhusiwi kuitwa muuguzi mpaka Socialstyrelsen, bodi ya taifa ya afya na ustawi, ikupe leseni yake. Kwa aliyesomea nje ya Ulaya wanaanza kuchambua masomo yako. Ukipita, unafanya mtihani wa nadharia unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Umeå, halafu wa vitendo, halafu kozi ya sheria za Uswidi, halafu miezi mitatu wodini chini ya usimamizi. Yote kwa Kiswidi, na cheti cha lugha lazima kiwe cha ngazi ya C1. Kiswidi cha kununulia mkate hakikufikishi huko. C1 ni kusoma faili la mgonjwa bila kusita, kumwelewa mzee wa mkoa wa Skåne anayemumunya maneno, na kumweleza daktari kwa simu saa tisa za usiku kwamba presha imeshuka na kwa nini unaogopa.

Wapo wanaosema, basi nianze kama msaidizi wa wazee huku nikisoma lugha. Tangu Julai 2023 jina la undersköterska, msaidizi wa uuguzi, nalo linalindwa kwa sheria, hujipachiki tu. Wasio na jina hilo mishahara yao mara nyingi haifiki kile kiwango cha kibali. Ndiyo maana nimekuwa mgumu kukupa matumaini ya haraka, si kwamba sitaki uje.

Kama ningekuwa wewe ningepitia masomo ya uzamili huku, na ningeanza kwa kumaliza shahada hapo nyumbani, kwenye chuo cha Muhimbili au cha KCMC. Stashahada haikuingizi kwenye shahada ya uzamili. Tangu 2011 wanafunzi wa nje ya Ulaya wanalipa ada Uswidi, na ada si ndogo. Maombi yote hupita mtandao mmoja wa University Admissions kwa krona 900, na dirisha la muhula wa vuli hufungwa katikati ya Januari, kwa hiyo usiniandikie Machi. Swedish Institute, taasisi ya umma ya huku, wana ufadhili ambao umekuwa ukiwachukua Watanzania, na wamekuwa wakidai uzoefu wa kazi usiopungua saa 3,000. Wewe uliyekesha zamu za usiku hizo unazo. Anza kumwomba matroni barua sasa, kabla hajastaafu. Bila ufadhili, utatakiwa kuonyesha zaidi ya krona elfu kumi za kujikimu kwa kila mwezi, zikiwa kwenye akaunti yenye jina lako, si la baba mkubwa. Ukimaliza masomo unaweza kuomba mwaka mmoja wa kutafuta kazi. Huo mwaka, na Kiswidi utakachokuwa umejifunza, ndio utakaokusogeza.

Na ada, ikifika siku ya kuilipa, ipeleke moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Unakumbuka mwaka 2023 wazazi walioandamana Eldoret, Kenya? Walikuwa wamelipa kupitia mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka vijana Ufini na Kanada, na huko Ufini vyuo vikawa bado vinawadai watoto wao. Hapo palikuwa na ofisi ya serikali katikati. Wakala wako ana nini?

Nikuonye na jambo ambalo huku linawaliza hata wahandisi. Miaka miwili ya mwanzo kibali cha kazi kimefungwa kwa mwajiri yuleyule na kazi ileile. Ukipoteza kazi una miezi mitatu ya kupata nyingine. Na mwajiri akisahau kukukatia bima mojawapo ya zile nne, yaani ya afya, ya maisha, ya ajali kazini na ya pensheni, kosa ni lake lakini anayetakiwa kufungasha ni wewe. Kuna watu walinyimwa kuongezewa muda kwa makosa madogo ya namna hiyo, hadi Desemba 2017 mahakama ya juu ya uhamiaji ikaamua kwamba hali ya mtu itazamwe kwa ujumla wake. Bado usiitegemee huruma hiyo. Siku ya kusaini, dai karatasi za bima, piga picha kila hati ya mshahara, weka nakala kwa mama yako.

Nasikia pia kuna vijana wanaoshauriana waje kwa viza ya matembezi, waombe hifadhi, kisha wabadilishe wawe wafanyakazi. Mlango huo wa kubadilisha ulifungwa tarehe 1 Aprili 2025. Sitaki kukusikia ukiutaja.

Babu yako, aliyesoma Kibaha kwenye kituo walichokijenga hawa watu wa Nordic miaka ya sitini, bado anaamini Waswidi ni ndugu zetu na ukibisha hodi watakufungulia. Usibishane naye, mwache na Kibaha yake. Ila ujue undugu ule hauna kisanduku kwenye fomu.

Nitumie nakala za vyeti vyako zilizothibitishwa na wakili, na matokeo ya kila muhula. Nitumie pia huo "mkataba" aliokuonyesha wakala; namba ya usajili ninaweza kuikagua mwenyewe jioni hiyohiyo. Hadi nikujibu, usimpe hata senti. Nimekuwekea kitabu cha Kiswidi, atakuja nacho rafiki yangu anayerudi Dar mwezi ujao; kakifuate Ubungo mwenyewe.

Msalimie mama yako. Mwambie dagaa nimewapokea, ila safari nyingine awafunge vizuri zaidi, sanduku zima lilinuka mpaka forodhani.

Ni mimi,
Mjomba wako